Kuku Wageni Bandani kwa Marcella

Mwaka wa 1955, Celina alihamishiwa kijiji kipya karibu na Runyenjes, pamoja na mume wake Njuki na mama mkwe wake Marcella. Ilikuwa amri ya serikali ya kikoloni, wakati wa vita vya Mau Mau. Nyumba zilibanana, handaki lilizunguka kijiji, na kila boma lilikuwa na nafasi ya banda moja tu la kuku.

Wenye banda walikuwa kuku sita wa Marcella, wazee wenye heshima zao. Mkubwa wao aliitwa Hakimu, kwa sababu alihukumu bila kusikiliza.

Celina naye alikuja na mitetea watano wa miezi minne. Mama yake ndiye aliyempa siku walipotenganishwa. Mama huyo alipelekwa kijiji kingine, na bila pasi, kibali cha serikali cha kusafiri, Celina hangeweza kumtembelea.

Asubuhi ya kwanza Celina alifungua banda, akawaingiza wote watano. Hakimu alianza kazi mara moja. Kabla chai haijachemka, mtetea mmoja alikuwa na damu shingoni.

Celina alimbeba hadi jikoni, akamfunika kwa tenga. Kesho yake akamrudisha bandani. Akadonolewa tena. Ikawa hivyo siku tisa, kila siku na mgonjwa wake.

"Mke wako amefungua hospitali jikoni," Marcella alimwambia Njuki.

"Lakini mama, ni kuku wako wanaoleta wagonjwa."

"Kuku wangu wako kwao. Jumamosi Mashavu akija kununua mayai, atawachukua hao watano. Nimechoka na kelele."

Celina alimenya kiazi mpaka kikabaki kama punje ya hindi.

Mashavu aliuza kuku mjini Embu. Jumamosi alimshika mtetea mmoja, akamwangalia shingo.

"Huyu nitamwuzia nani? Watu watasema nilianza kumnyonyoa nikaitwa kabla ya kumaliza."

Celina alimweleza yote.

"Mwanangu," Mashavu akasema, "huruma yako ndiyo inayowaponza. Ukimficha mmoja jikoni, wenzake wanamsahau. Akirudi, ni mgeni tena. Kila siku unaleta mgeni."

"Basi nimwache auawe?"

"Hapana. Watenge, lakini waonane. Gawa banda kwa fito zilizokaribiana. Wazee huku, wachanga kule, kila upande na chakula na maji yake. Baada ya wiki mbili toa fito jioni, wakianza kulala. Asubuhi weka chakula mahali patatu, mmoja asiweze kulinda chote. Egemeza matawi ukutani, mdogo apate pa kujificha."

"Na Hakimu?"

"Akimtoa mwenzake damu, yeye ndiye afunikwe tenga. Siku tatu, mahali asipoonekana. Akirudi, mgeni ni yeye."

Marcella aliweka mikono kiunoni. "Hakimu wangu afungwe?"

"Siku tatu tu, mama, na chakula chake na maji. Kuna watu siku hizi wangefurahi kupewa siku tatu."

Njuki aligeukia ukuta akakohoa sana, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Wiki tatu," akasema Marcella. "Zikiisha na damu bado ipo, wanaondoka."

Njuki alikata fito siku hiyo hiyo. Mwanzoni Hakimu alizidonoa fito zenyewe. Siku ya kumi alichoka, akalala kando yazo.

Wiki mbili zilipotimia, fito zilitolewa jioni, kabla ya kafyu. Asubuhi kuku walisukumana. Celina alitaka kuingia, lakini Marcella alimshika mkono.

"Waache. Damu haijatoka."

Siku ya pili ilitoka. Mtetea aliyeumizwa alikaa nyuma ya fito chache zilizorudishwa pembeni, mbele ya macho ya wenzake, mpaka kidonda kikakauka. Hakimu alienda kifungoni. Aliporudi, mitetea walimtazama kama mtu asiye na pasi. Alikula kwenye sahani ya mwisho, kimya.

Wiki ya tatu ikaisha bila damu nyingine. Mwezi uliofuata mitetea walianza kutaga. Mashavu, ambaye pasi yake ilimfikisha vijiji vyote viwili, alipewa mayai matatu yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba.

"Nimwambie nini mama yako?"

"Mwambie wote watano wako hai," akasema Celina.

Marcella alikuwa ameinama bandani, akimwaga mahindi. Hakugeuka.

"Mwambie pia hawauzwi."