Kikombe Kilichonyamaza

Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichopungua, na bado Mama Tomie aliapa kwamba ameibiwa.

"Spika si hizo hapo?" aliuliza Inspekta Onodera. Ilikuwa saa nne asubuhi, Agosti 1979, katika mkahawa wa jazi wa Mama Tomie mjini Morioka, Japani, siku ya kwanza kufunguliwa baada ya sikukuu ya kuwapokea marehemu. "Mama, wezi wasio na sura nimewazoea. Wizi usio na kilichoibwa, huu ndio wa kwanza."

"Cheka kwanza, kisha utazame."

Aliweka kikombe cha kahawa juu ya sanduku la spika ya kushoto, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mumewe afe, akateremsha sindano juu ya santuri. Besi ikanguruma. Kahawa ikatulia tuli.

"Nota ile ya besi ikipigwa, sanduku hutetemeka, kahawa ikafanya viwimbi. Ndivyo mume wangu anavyoniamkia. Leo kanyamaza. Nisipoyapata masanduku yangu, nafunga mkahawa."

Onodera alichungulia nyuma ya kitambaa cha mbele. Spika zenyewe zilikuwa zilezile, na kiraka alichobandika marehemu kilikuwapo. Kilichobadilishwa ni masanduku ya mbao tu, kwa mengine yaliyofanana nayo kwa nje.

Mama alipokwenda makaburini kijijini kwao, ufunguo aliuacha nyuma ya chungu cha maua. Wateja wawili tu ndio waliojua. Onodera akawaita saa kumi.

Segawa, dalali wa vyombo vya kale, aliingia akifoka. "Mji mzima unajua nilizitaka spika zile. Haya, nifungeni!"

"Ungeacha spika zenye thamani, ukabeba mbao tupu?"

"Mbao? Za kuchemshia maji ya kuoga?"

"Basi kaa, bwana, unywe kahawa."

Hatakeyama, seremala aliyekuwa mteja kwa miaka ishirini, aliketi pembeni. Onodera akagonga sanduku kwa kifundo cha kidole. *Tak*, kama jiwe.

"La zamani liliitikaje, Mama?"

"Kama tikiti lililoiva."

"Ahaa! Basi aliyeunda haya ni fundi wa mabanda ya kuku."

"Mabanda ya kuku!" Hatakeyama aliruka. "Mle ndani mna fito tatu zimepishana, ukuta hautikisiki hata..."

Akajiziba mdomo.

"Mzee wangu," Onodera alisema taratibu, "sanduku hilo hakuna aliyelifungua."

Seremala akainamisha kichwa. "Wataalamu wanasema sanduku jema ni bubu: spika iimbe, mbao zinyamaze. Yale hayakunyamaza. Yalitia rangi yake katika kila wimbo. Ni kosa, na kosa hilo limeniliza miaka ishirini. Nilitaka kujua ni nini. Nimegonga, nimepima, nimenusa. Ni mbao nyembamba tu, Inspekta. Mbao nyembamba tu!"

"Na kwa nini hukuunda nakala kamili? Nani angejua?"

"Mkono ulikataa kurudia kosa."

Kabla ya jua kutua, masanduku ya zamani yalikuwa mahali pake, kikombe cha asubuhi juu ya lile la kushoto, na Mama akateremsha sindano. Kwa mara ya kwanza, Onodera alitafuta mzaha, akaukosa. Nota ile ikapanda kutoka sakafuni, ikapita katika nyayo zake, magoti, kifua, kana kwamba chumba kizima kimevuta pumzi. Segawa akavua kofia. Hatakeyama, pingu mikononi, akafumba macho.

Juu ya sanduku, kahawa ikafanya viwimbi.

"Umechelewa," Mama Tomie alikiambia kikombe. "Kahawa imeshapoa."