Simu Aliyosema Ameitupa Chooni

— Mama Exaucée, kamata simu yako. Imejaa tangu saa ine.

Exaucée alisimama ghafla. Papa Kazadi, mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na stesheni ya Kamina, alikuwa amemnyooshea mkono kwa mazoea.

— Papa, minyi sina simu. Bwana yangu aliitupaka mu choo, sasa myezi tano.

— Mu choo? Shi kale kadada njo kameileta asubuhi? Nikasema weye njo umekatuma. Angalia, haiko yako?

Ilikuwa yake, na ufa wake pembeni mwa kioo. Akaishika kwa ncha za vidole. Haikunuka choo. Ilinuka manukato ya mwanamke mwingine.

Zamani aliificha kifuani, ndani ya sidiria, kama wanawake wengi sokoni. Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Siku moja mumewe Rolly, karani wa depo ya mahindi, akaingia nyumbani na habari zake: mawimbi ya simu yanaunguza mayai ya mwanamke. Muuguzi Abigaïl aliwaambia wazi kwamba wataalamu bado wanachunguza, na hakuna aliyethibitisha kuwa simu inamnyima mwanamke mtoto. Kuitoa kifuani si vibaya, alisema, ila waje wote wawili wapimwe. Rolly akagoma kupimwa. Simu akaichukua yeye.

Toka hapo kila Jumapili mama mkwe, Mama Francine, kiongozi wa maombi, alimlaza mbele ya waumini kanisani, akamkandamiza tumbo kwa mikono miwili na kukemea kwa sauti "tumbo lililoungua". Exaucée alilia na kuomba msamaha kwa kosa la kubeba simu. Aliamini, maskini wa Mungu.

Simu ikaita mkononi. Kioo kiliandika: CHÉRI, yaani mpenzi. Namba ilikuwa ya Rolly. Akapokea, akasikiliza.

— Ève, chérie, umekula? Weka simu pa tumbo.

Exaucée aliibana simu sikioni.

— Umeweka? Papa anasalimia mutoto wake! Myezi mbili tu, utoke. Ule wa ku nyumba hajue kitu. Nilimudanganya simu inaunguza mayayi, akanipatia na mikono mbili!

Akacheka. Ndicho kicheko chake cha mezani, cha mtu aliyeshiba bukari, ugali wa kwao. Exaucée akatema mate mchangani.

— Rolly.

Kicheko kikazimika.

— Endelea kusema, Rolly. Hii tumbo njo ya Exaucée. Haina mutoto, lakini inasikia.

Simu ikakatwa. Muda si mrefu akafika msichana mwenye mimba kubwa, jasho likimtoka.

— Papa Kazadi, simu yangu iko tayari?

Papa Kazadi akamwonyesha Exaucée kwa kidevu. Exaucée ndiye aliyejibu.

— Weye njo Ève? Minyi ni bibi ya Rolly.

Msichana akashika nguzo ya kibanda.

— Aliniambia hana bibi! Hii simu, alisema ni ya dada yake mwenye alikufa. Na kila siku ananiambia niweke pa tumbo... Mama, ni kweli inaunguza mutoto?

— Uulize Mama Abigaïl ku centre ya wagonjwa. Usiulizake Rolly kitu ya afya.

Huyo Rolly, aliyejua Ève huchaji simu hapo, akatokea mbio, shati nje, simu zake mbili zikitikisika mifukoni mwa suruali.

— Exaucée, bibi yangu, pardon! Nilikuwa nachunga afya yako!

Watu waliosubiri simu zao wakaguna. Exaucée aliutazama mdomo ule ukimeta mate, akajiuliza aliwezaje kuubusu miaka minne. Alimwona mchafu, basi.

— Kitu moya tu. Mama yako anajua juu ya hii mimba?

Rolly akajikuna shingo.

— Jibu.

— Anajua. Yeye njo alichagula jina ya mutoto.

Hapo ndipo Exaucée alipotapika kweli, pale pale, mbele za watu. Mikono ile ya Jumapili! Mama mkwe alimkandamiza tumbo akijua kila kitu. Alipojifuta mdomo, alimgeukia Ève.

— Jumapili, siku ya yenga, utakuya na minyi ku kanisa?

— Nitakuya, Mama.

Jumapili Mama Francine alipokunja mikono ya bulauzi na kumwita mbele, Exaucée alienda. Hakulala. Aliishika mikono ile miwili kwa adabu, akaiweka juu ya tumbo la Ève aliyesimama nyuma yake.

— Mama, hii njo tumbo yenye mulikuwa munaombea. Yangu muiache.

Wanakwaya wakainuka kuangalia. Rolly, kwenye benchi ya pili, akainamisha kichwa. Exaucée akavua pete, akaiacha pale mbele, akatoka nje kwenye jua.