Kilo Kumi na Tisa

Rafiki yangu Gabrieli, fundi umeme wa magari wa Nachingwea, alinisimulia jambo lililompata kijijini Mandawa mwaka 2008. Mama mmoja, Mwanne, alimwita akalitazame gari lake lililokataa kuwaka. Bintiye mdogo, Samia, alikuwa amefia humo wakimkimbiza hospitali, na tangu siku hiyo gari lilifungiwa bandani.

Ilikuwa mchana, lakini ndani ya banda kulikuwa na giza. Gabrieli alichomeka mashine yake ya kupimia akaona kompyuta za gari, ambazo hupashana habari kwa waya, hazisikilizani. Akawa anazichomoa moja moja, kutafuta inayovuruga wenzake. Alipochomoa ile ya kiti cha abiria cha mbele, inayopima uzito wa anayekikalia, nyingine zote zikaitika; akageuza ufunguo na gari likawaka.

Hapo kengele ya kumkumbusha abiria afunge mkanda ikaanza kulia. Ti, ti, ti. Mashine ikaandika kwamba kwenye kiti kile kuna abiria.

Gabrieli aliiangalia kompyuta ya kiti. Ilikuwa mkononi mwake.

"Inasemaje, fundi?" Mwanne aliuliza kutoka mlangoni.

"Inakosea tu, mama. Inasema kuna mtu wa kilo kumi na tisa."

"Ndizo alizopimwa Samia kliniki wiki ile aliyofariki," Mwanne alisema.

Akaingia, akainamia kiti kitupu, akavuta mkanda taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu, akaufunga. Kengele ikanyamaza.

Gabrieli anasema mkanda haukulalia kiti. Ulibaki umetuna kwa mbele, ukipanda na kushuka polepole.