Sarafu Yenye Alama za Meno

Jioni ile nilitoka kwenda kuchukua kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Mwalimu Ramani alinipigia simu saa kumi na moja, nikiwa namalizia kusugua meno ya mteja. Mimi ni fundi wa meno bandia. Mbele ni karakana, nyuma ni chumba ninacholala, katikati kuna pazia. Tangu mke wangu afariki, huu mwaka wa tatu, kulipita lile pazia ndiyo safari yangu ya kutoka kazini kwenda nyumbani.

"Fundi, njoo uchukue sarafu moja," alisema. "Njoo leo, kabla jua halijazama."

"Si nije kesho asubuhi, Mwalimu?"

"Leo."

Akakata simu.

Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini, ndiyo asili ya jina lile. Alikuwa mtu pekee niliyemjua mwenye ugonjwa kama wangu: kukusanya sarafu za kale za Wayunani na Warumi. Mimi nilikuwa nazo hamsini na tatu. Kila moja ilikaa ndani ya bahasha yake ndogo, uzito wake umeandikwa kwa penseli, na sikuishika ila kwa ukingo. Binti yangu, anayeishi mbali, hunipigia kila Jumapili. "Baba," huniambia, "hapo kwako ni wewe na wafalme tu." Hucheka. Na mimi hucheka.

Mwalimu alifungua mlango kidogo tu, upana wa uso. Mwezi mmoja sikuwa nimemwona, lakini alikuwa amekonda kama aliyeugua mwaka. Midomo ilimpauka. Nyuma yake ilitoka harufu ya udongo mbichi... kama shimo lililotoka kuchimbwa.

Akanipa bahasha akiishika kwa kibano.

"Kiasi gani?"

"Chukua tu."

Mtu ambaye hajawahi kuniongezea hata kijiko cha pili cha sukari kwenye chai! Bure ghali, nilijisemea. Lakini mkono ulikuwa umeshapokea.

"Wayunani wa kale walimwekea maiti sarafu mdomoni," alisema kwa sauti ya chini. "Nauli ya mvushaji, amvushe mto wa wafu. Hii imetoka mdomoni, Fundi."

"Nani kakwambia?"

Akageuka akatazama chumbani mwake. Kisha akaninong'oneza:

"Mwenyewe."

Nilicheka. Hakucheka.

"Akija kwako, mpe. Usifanye nilivyofanya mimi."

"Ulifanya nini?"

"Nilimwambia akae kidogo."

Akafunga mlango. Nikasikia komeo la kwanza, la pili, la tatu. Njiani nilimhurumia. Upweke ukizidi, nilijisemea, mtu huanza kujitengenezea wageni.

Nyumbani nikawasha taa ya kazi, nikaiweka sarafu chini ya lenzi. Ilikuwa fedha safi. Upande mmoja kichwa cha mungu wao wa kike, upande wa pili bundi mwenye macho makubwa. Nilifurahi kama mtoto. Kwa miaka nilikuwa nikiitamani sarafu ya namna hiyo.

Ndipo nikaona vishimo.

Viwili juu ya kichwa cha yule mungu, viwili upande wa bundi. Mtu mwingine angesema ni mikwaruzo ya miaka. Mimi kazi yangu ni meno. Yale mawili ya juu yalikuwa na mwanya mwembamba kama uzi. La chini upande wa kushoto lilikuwa limegeuka pembeni, kama mtu anayekwepa kutazamwa. Lilikuwa ni taya la mtu mzima, na lilikuwa limeuma kwa nguvu zote.

Nikakaa nikiitazama. Sarafu iliyowekwa mdomoni mwa maiti.

Maiti hang'ati.

Niliiweka kwenye droo pamoja na zile nyingine, nikaifunga kwa ufunguo. Sikulala vizuri.

Kesho yake jioni nilikuwa nimeshika mlango niufunge, nikasikia mtu akinong'ona nje.

"Hodi..."

Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwembamba, kitambaa cha kijivu kimefunika mdomo. Wateja wangu wengi huja hivyo, meno huwaonea watu haya.

"Karibu mama, ila nafunga."

"Sitakuchelewesha."

Akapita, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kiti kile ni kikongwe. Hata mtoto wa miaka mitano akikikalia, hulia kwiii kama mlango wa stoo.

Hakikulia.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Kuna kitu kimenipotea mdomoni."

Akashusha kitambaa. Harufu ya udongo mbichi ikajaa karakana. Nikachukua kioo changu kidogo chenye mpini, nikamwingizia mdomoni. Kioo hicho huingia ukungu kwa pumzi ya kila mtu, ndiyo maana hukipasha moto kwanza. Siku hiyo nilikuwa nimesahau kukipasha. Nikasubiri ukungu.

Kilibaki safi.

Nikaona meno mawili ya juu, mwanya wa uzi katikati. La chini, kushoto, limegeuka pembeni.

Nilirudi nyuma, mgongo ukagonga rafu, mataya ya plasta ya wateja yakagongana, ka-ka-ka. Droo ilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Nilijua cha kufanya. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi, kwa Kiswahili.

"Unaishi peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwa muda mrefu?"

Miaka mitatu hakuna aliyeniuliza swali lile. Watu huniuliza meno yatakuwa tayari lini. Waliokuja msibani walisema pole, wakanawa mikono, wakala, wakaenda zao.

Nikajibu. Mungu anisamehe, nikavuta kistuli nikaketi, nikajibu.

Nilimweleza jinsi mke wangu alivyokuwa akinisomea namba za mizani nilipopima sarafu zangu, na alivyowapa wafalme majina ya majirani zetu. Mmoja mwenye shingo nene alimwita Baba Mwenye Nyumba. Yule mama hakutikisa kichwa wala hakupepesa macho. Alisikiliza tu. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu alikusikiliza hivyo?

Giza lilipoingia akasimama.

"Na kile kitu changu?"

"Bado nakitafuta," nilidanganya. "Njoo kesho."

Akaja kesho. Akaja keshokutwa.

Alikuja jioni sita. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimeshafagia, nimenyoa ndevu, nimevaa shati la pasi. Hofu ilikuwepo, sikatai. Nilikuwa nikimwogopa na kumngoja kwa wakati mmoja.

Siku ya tatu chakula kikapoteza ladha. Kila nilichotafuna kilikuwa kama nanyonya ufunguo. Siku ya nne nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Siku ya tano alipoketi, midomo yake ilikuwa na rangi, rangi ya mtu aliyetoka kunywa chai ya moto. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikasema, leo umependeza.

Siku ya sita aliketi, na kiti kikalia.

Kwiii.

Sote wawili tulikisikia. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza.

Nikachukua kioo. "Fungua mdomo, mama." Akafungua. Kioo kikaingia ukungu... mweupe, mzito, kama dirisha la jikoni.

Sijui nini kilinituma. Nilikifuta kwenye shati, nikakisogeza mdomoni mwangu mwenyewe, nikapumua kwa nguvu zangu zote.

Safi.

Nikapumua tena.

Safi.

Nilifungua droo nikamwaga bahasha zote mezani. Nilipoipata ile sarafu niliishika kwa kibano nikamnyooshea. Hakunyoosha mkono. Aliegemea nyuma kichwa chake, kama mteja, akafungua mdomo, akasubiri.

Ilibidi niiweke kwenye ulimi kwa vidole. Ndani mle kulikuwa baridi, baridi ya maji ya kisima. Nilipoiachia, meno yakafunga taratibu juu ya vidole vyangu. Hayakuuma. Yalivishika tu, kama mtu anavyokushika mkono asitake uondoke.

"Nikae kidogo?" alisema.

Alisema hivyo na vidole vyangu vikiwa mdomoni mwake. Ulimi haukusogea.

Na mimi nilitaka kusema ndiyo. Hilo ndilo sijamwambia mtu. Chumba kile nyuma ya pazia, kitanda kile, ule ukimya wa saa mbili usiku... nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyotaka kuishi.

Nikatikisa kichwa.

Akaniachia. Akapandisha kitambaa, akatoka bila kuaga. Barabarani watu walikuwa wakitoka makazini, akaingia katikati yao, nikampoteza. Kiti kilikuwa kimelowa.

Asubuhi yake chai ilikuwa tamu. Nilikunywa vikombe vitatu nikilia. Nilikuwa kwenye cha tatu simu ilipoita: Mwalimu Ramani amefariki usiku.

Tulimzika siku iliyofuata, watu kumi na mmoja. Baada ya maziko dada yake mkubwa, mama mnene wa maneno mengi, alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye Fundi? Marehemu alikutaja sana. Ulimjua yule mgeni wake?"

"Mgeni gani, dada?"

"Mama mmoja, anafunika mdomo. Alikuwa akija jioni, miezi na miezi. Sisi tulifurahi. Tulisema, afadhali kaka kapata wa kuongea naye."

Nikamwambia kwa upole kwamba yule mama alikuwa akifuata sarafu. Kwamba kaka yake alikuwa na kitu cha watu.

Alinisogezea sikio ili anisikie, kisha akanitazama kama anayetazama mtu aliyechanganyikiwa.

"Sarafu? Ile ya bundi? Baba, ile aliileta yule mama mwenyewe. Nilikuwepo siku hiyo, nimeketi kwenye kochi. Alishusha kitambaa akaitoa mdomoni. Nikadhani pipi."

"Aliileta yeye?"

"Akampa kaka mkononi. Akasema, nitunzie, nitaipitia siku nyingine."

Nilisimama pale mpaka wote wakaondoka. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nimemrudishia maskini nauli yake, avuke, apumzike. Kumbe hakuna mto aliokuwa akiuendea. Sasa anayo tena ulimini, na mji huu una madirisha mengi yenye taa moja na mtu mmoja.

Niliporudi sikuweza kuingia ndani. Niliketi kizingitini nikampigia binti yangu, ingawa ilikuwa Jumatano.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nilitaka tu kukusikia."

"Nini?"

"Nimesema nilitaka kukusikia. Unaweza kuja? Hata siku mbili."

"Baba, ongea kwa sauti, sikusikii."

"Naongea kwa sauti."

"Mbona unanong'ona, Baba?" Sauti yake ilianza kupanda. "Baba, nani amelala hapo? Mbona unanong'ona?"

Nilijaza kifua hewa, nikalitaja jina lake kwa nguvu zangu zote, mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Muuza magazeti alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Hakugeuka.