Karanga Zilizofungwa kwa Daftari la Dorah

Kila siku saa kumi alasiri, Gati akishavua sare za shule na kuzitundika, humsaidia Bibi Yuliana kukaanga karanga. Nyumba yao ipo Kitaji, mjini Musoma. Jiko la mkaa huwekwa barazani, upande ambao upepo wa ziwani haufiki. Bibi hutia mchanga safi kwenye karai, huuacha upate moto sawasawa, kisha humimina karanga zilizolowekwa maji ya chumvi na kukoroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika. Karanga zikiiva huchekechwa mchanga utoke, huachwa zipoe, halafu hufungwa kwa kurasa za madaftari ya zamani zilizokunjwa kama pembe. Jumanne na Ijumaa Shangazi Matrida huja na beseni lake kuzichukua, akaenda kuziuza stendi ya Bunda.

"Koroga, mjukuu wangu," Bibi alisema siku moja. "Karanga hazitaki mtu anayeangalia barabarani."

Lakini Gati alikuwa anaangalia barabarani. Ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi ya nyumba ya kwao, Dorah, rafiki yake Gati, alikuwa amekaa na daftari magotini. Aliandika, akafuta, akaandika tena, midomo ikimchezacheza.

"Anajifanya!" Gati alinong'ona kwa hasira.

Harufu ya kuungua ikapanda. Bibi alikimbia akaipua karai, akatafuna karanga moja na kuitema. "Chungu kama dawa. Hizi sasa ni za kutupa."

Kilichomuuma Gati kilianza miezi mitano nyuma. Mjomba Gody, anayeishi Butiama, alikuwa amepewa kitabu cha kujifunzia Kijapani na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao Japani. Mjomba akampa Gati. Ndani yake mlikuwa na salamu, maneno ya kila siku, na kanji, yaani zile alama ambazo kila moja ina maana yake: mlima, maji, mti. Gati alifurahi kupita kiasi. Alimwita Dorah, akamfundisha alama za kwanza yeye mwenyewe, na wakakubaliana kupokezana kitabu, leo huku kesho kule.

Mwezi wa kwanza Gati alikuwa mbele sana. Jicho lake lilikuwa jepesi, akiiona alama mara mbili ameishika. Darasa la sita zima lilimsifu. Kisha alama zikawa ngumu. Ya samaki peke yake ina mistari kumi na mmoja. Zile alizojifunza mwanzoni nazo zikaanza kumtoroka. Akaruka siku moja, halafu tatu, halafu wiki. Daftari lake likaishia ukurasa wa kumi na moja. Dorah, ambaye alikuwa mzito wa kushika, alikuwa anaandika alama tatu tu kwa siku, lakini hakuwahi kuruka hata siku moja.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Stanslaus aliingia darasani akitabasamu. "Jumatano ya wiki ijayo tutapata mgeni kutoka Japani, mama mhandisi anayekuja kuona bomba letu jipya la maji. Nataka mmoja wenu amsalimie kwa Kijapani na kuandika ubaoni mbele ya shule nzima. Gati na Dorah, Ijumaa hii mniletee madaftari yenu, nione nani anafaa."

"Mwalimu, mpe Dorah!" Jofrey alipaza sauti kutoka nyuma. "Gati alikuwaga anajua. Siku hizi anajua karanga!"

Darasa lilicheka. Dorah hakucheka, lakini Gati hakuliona hilo. Alichoona ni Dorah amesimama mbele ya shule nzima, akipigiwa makofi kwa kitu alichofundishwa na yeye.

Alhamisi jioni Dorah alikuja kurudisha kitabu. Walikaa kwenye mkeka barazani, kila mtu na daftari lake, bila maneno mengi. Mara mama yake Dorah akaita kutoka ng'ambo: "We Dorah! Ndoo imejaa, maji yanamwagika!" Dorah aliruka na kukimbia. Daftari lake likabaki mkekani.

Gati alilifungua. Kurasa zote zilikuwa zimejaa. Aling'oa jalada lenye jina la Dorah, akalificha chini ya godoro, kisha daftari akalisukuma katikati ya madaftari chakavu ndani ya gunia la Bibi la karatasi za kufungia karanga. "Litakaa humo kesho tu," alijiambia. "Jumamosi nitalirudisha. Nitasema nimelikuta uvunguni."

Ijumaa Mwalimu alipoomba madaftari, Dorah alisimama mikono mitupu, macho mekundu.

"Sijalala, Mwalimu. Nimelitafuta usiku na asubuhi." Akamgeukia Gati. "Sikuliacha kwenu jana?"

"Uliondoka nalo," Gati alijibu. "Nilikuona umelishika."

Dorah alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Basi nimelidondosha njiani."

"Pole sana," Mwalimu alisema. "Lakini siwezi kuchagua daftari nisiloliona. Gati, utamsalimia mgeni wewe."

Wakati wa kutoka, Dorah alimfuata mlangoni akampa mkono. "Hongera, Gati. Angalau ni mmoja wetu."

Gati alikimbia hadi nyumbani, kilometa nzima, akanyoosha mkono ndani ya gunia. Gunia lilikuwa tupu.

"Bibi! Madaftari yako wapi?"

"Shangazi yako kayamaliza yote leo. Alikuwa anachana huku mimi nakunja. Kaondoka na beseni limejaa mpaka juu."

Gati aliketi chini palepale kwenye vumbi, akalia. Alisema yote: kicheko cha Jofrey, jalada lililo chini ya godoro, uongo wa darasani, na mkono wa Dorah. Bibi Yuliana hakumpiga wala hakupandisha sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaumwagia mkaa maji, na hiyo ilimtisha Gati kuliko fimbo, maana Bibi hajawahi kuzima jiko kabla ya magharibi.

"Kesho asubuhi tunakwenda Bunda," alisema.

Walimkuta Shangazi Matrida penye kivuli cha kibanda cha tiketi, beseni mapajani. Konda mmoja alikuwa anageuzageuza pakiti ya karanga mkononi.

"Mama, leo karanga zako zimetoka China?"

"Kula, baba. Maandishi hayana chumvi," Matrida alijibu, watu wakacheka.

"Shikamoo, Shangazi," Gati alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama kwenye msiba?"

Bibi alimweleza kwa maneno machache. Alikuwa amebeba magazeti ya zamani. Gati akapiga magoti, akaanza kufungua pakiti moja moja, karanga akizihamishia kwenye gazeti, ukurasa akiunyoosha juu ya goti. Jua lilimchoma mgongo. Mzee mmoja aliyekuwa amemaliza karanga zake alimnyooshea ukurasa wake bila kuuliza. Mwanamke mwingine alikuwa ameshapanda basi la Mwanza na pakiti tatu, na basi likaondoka Gati akiliangalia. Hadi saa saba zilipatikana kurasa ishirini na tatu. Zilizobaki zilikwenda na wasafiri.

Akiwa anazipanga kwa tarehe, Gati alianza kuzisoma. Karibu kila ukurasa ulikuwa na alama tatu. Alama ya samaki ilikuwa na kurasa nne peke yake, siku nne mfululizo, ikikatwa na kuanzwa upya, mara imepinda, mara imenenepa. Chini ya ukurasa wa nne Dorah alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo:

"Gati hii aliipata siku moja. Mimi leo siku ya nne. Naona wivu kweli. Kesho tena."

Gati aliusoma mara tatu. Akaukunja polepole, akauweka juu ya zote.

Jumapili baada ya misa alivuka barabara akiwa na zile kurasa, zimeshonwa kwa uzi ndani ya lile jalada lenye jina la Dorah. Bibi alisimama nyuma yake, lakini hakumsaidia kusema.

Dorah alimsikiliza Gati akikiri yote, akiwa ameshika kurasa zenye madoa ya chumvi. "Nilikupa hongera, Gati!" alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jumatatu Gati alisimama mbele ya Mwalimu na darasa, akarudia maneno yaleyale. Hata Jofrey hakufanya utani. Mwalimu Stanslaus alimpa adhabu ya kusafisha eneo la bomba kwa wiki mbili, na ile nafasi ikarudi kwa mwenyewe. Jumatano Dorah alimsalimia mgeni, akachukua chaki, akaandika alama ya maji bila kutetemeka. Yule mama aliinamisha kichwa mara mbili, shule ikalipuka kwa makofi. Gati, akiwa na fagio mkononi kando ya bomba, alipiga makofi naye. Wivu ulikuwa bado upo, alikuwa anausikia kifuani. Aliendelea kupiga makofi hivyo hivyo.

Siku tano zikapita. Siku ya sita, saa kumi alasiri, Dorah alivuka barabara na daftari jipya.

"Kurasa zilizopotea nataka kuziandika upya," alisema bila kumtazama Gati usoni. "Ile ya samaki nionyeshe. Mkono wako unaipataga haraka."

"Nimeisahau," Gati alikiri. "Tuianze wote."

Bibi Yuliana alisogeza mkeka, akaendelea kukoroga karanga. Baada ya muda alisema, "Wanangu, sikilizeni. Gati, siku ile hukuunguza karanga kwa kukosa ujuzi. Macho yako yalikuwa ng'ambo na mkono ukasimama. Kuona wivu si ajabu, hata Dorah aliona, umesoma mwenyewe. Lakini yeye wivu ulipomshika aliandika mstari mwingine, na wewe ulipokushika uliliharibu daftari lake. Na huyo aliyefanya kidogo kila siku ndiye aliyefika. Mwenzako akikupita, mtazame ujifunze anavyofanya, kisha rudi kwenye karai lako ukoroge."

"Ndiyo, Bibi."

Gati alifungua ukurasa wa kumi na mbili wa daftari lake, uliokaa mtupu kwa muda mrefu. Juu yake akaandika tarehe ya siku hiyo. Samaki wake wa kwanza alitoka amepinda mkia. Alimtazama, akamwacha vilevile bila kumfuta, akaanza wa pili.