Nkole na Fomu ya Kazi Yoyote

Nkole alipenda kufua kabla majirani hawajaamka. Alibeba beseni hadi nyuma ya nyumba, akaloweka sare ya shule ya binti yake Mapalo, akasugua kola taratibu kwa vidole viwili. Sare ilitoka nyeupe kuliko siku iliponunuliwa. Kisha aliianika haraka na kurudi ndani, ili watu wadhani mkewe ndiye aliyefua.

Familia yake ilihamia Solwezi mwezi wa tano. Hospitali aliyofanyia kazi Luanshya, kwa miaka kumi na miwili, ilikuwa imefungwa. Huku Solwezi migodi ya shaba ilikuwa inaukuza mji kila wiki. Nkole, mkewe Chilufya na watoto wao wawili walilala sebuleni kwa Kaputo, kaka yake Chilufya, ambaye alikuwa mwashi.

"Shemeji, leo umepata?" Kaputo aliuliza kila jioni.

"Bado."

"Solwezi nzima inatafuta watu. Wewe tu ndiye haikuoni!"

Jumatatu moja Nkole alimkuta Chilufya akipanga nguo za watoto kwenye begi.

"Mama Mapalo, safari ya wapi?"

"Kaka hajatufukuza," alisema Chilufya. "Lakini wifi ameanza kuosha sufuria kwa kelele. Jumamosi kuna basi la Luanshya. Usipopata kitu, mimi na watoto tunarudi kwa mama. Wewe baki utafute."

"Mapalo ndiyo kwanza ameizoea shule."

"Najua, Baba Mapalo."

Nkole aliliangalia begi. "Nilijiandikisha kwa wakala wa ajira. Wiki ya sita sasa, hawajaniita."

"Hao wanakunywa chai tu," alisema Kaputo, aliyekuwa akiingia kutoka kazini. "Yuko jamaa pale kituo cha mafuta. Mwachie kitambulisho chako na pesa kidogo. Wiki hii hii unaingia mgodini."

"Ana ofisi?" aliuliza Chilufya.

"Ana gari."

"Gari lina magurudumu, kaka. Likiondoka na kitambulisho tutalifuata kwa miguu?" Alimgeukia mumewe. "Nenda kwa hao wenye ofisi. Waulize kwa nini hawajakuita."

Kaputo alimkopesha shemeji yake bahasha ya pesa hata hivyo. Asubuhi Nkole alipanda ngazi hadi ofisi ya wakala, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Leseni ilikuwa imetundikwa ukutani. Mwanamke mwenye miwani aliyeitwa Namukolo alimkaribisha kiti. Nkole aliweka mezani kitambulisho na bahasha.

Namukolo aliirudisha bahasha kwa kidole kimoja. "Hii ya nini, baba?"

"Ya kuniharakishia, dada."

"Sisi tunalipwa na mwajiri anayetafuta mtu. Wewe unayetafuta kazi hulipi. Mtu akikuomba hela ili akupe kazi, muulize leseni yake iko wapi, kisha uondoke kabla hajajibu." Alitoa nakala ya kitambulisho, akamrudishia kile halisi. "Na hiki usimwachie mtu. Sisi inatutosha nakala."

Akaitafuta fomu yake kabatini. "Hii hapa. Unatafuta kazi gani? Umeandika: kazi yoyote."

"Ndiyo, dada. Mimi sichagui."

"Mwajiri anachagua. Hajawahi kunipigia mtu akasema, nitafutie wa kazi yoyote. Anasema nataka fundi umeme, nataka mpishi wa watu mia mbili. Wa kazi yoyote ninao hawa." Aliinua rundo la fomu nene kama mkate. "Luanshya ulifanya kazi gani?"

"Hospitalini."

"Ulikuwa daktari?"

"Aa, dada!"

"Basi ulikuwa nani?"

Nkole alimtupia jicho kijana mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Akashusha sauti. "Nilikuwa upande wa usafi."

"Kufagia?"

"Nguo. Mashuka. Nilikuwa nafua."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, mashuka mia tatu kwa siku?" Nkole alisahau kunong'ona. "Mashine nne, dada! Kila moja ingemeza mbuzi wawili. Na tena boila la kuchemshia maji. Shuka la damu ukilitia maji ya moto umeliharibu, damu inaganda. Unaanza na maji baridi. Halafu sabuni, si kila sabuni..." Namukolo alikuwa anaandika.

"Endelea. Na kwa nini hukuyasema haya siku ile?"

"Mwanamume mzima, dada? Kule kwetu walikuwa wananiita shangazi."

Kijana wa kwenye benchi alicheka, akajifanya anakohoa. Namukolo hakucheka.

"Iko kambi ya wafanyakazi wa mgodi," alisema. "Watu mia sita. Wana mashine mpya, na aliyeziendesha ameondoka. Wameshanipigia mara tatu. Niletee barua ya msimamizi wako wa zamani na namba yake ya simu. Simu yako iwe wazi muda wote."

Msimamizi wa Luanshya aliandika barua siku ile ile, akaipiga picha na kuituma kwa simu. Alhamisi Nkole aliitwa kambini. Meneja alimwingiza kwenye chumba cha mashine. Nkole aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashine ya tatu iliyokuwa ikizunguka, akasikiliza.

"Mkanda umelegea," alisema.

Meneja alimwita fundi. Fundi alifungua, akatikisa kichwa kukubali.

Ijumaa Nkole aliwekewa mkataba mbele yake. Aliusoma pole pole, kama Namukolo alivyomwagiza. Mshahara ulikuwepo. Miezi ya majaribio ilikuwepo. Mahali pa saa za kazi palikuwa patupu.

"Hapa pajazwe kwanza," alisema. Pakajazwa. Ndipo akatia saini na kuomba nakala yake.

Jumamosi basi la Luanshya liliondoka bila wao. Chilufya alilifungua lile begi la nguo na kumwita Mapalo aje kuzitoa.

Baada ya miezi miwili walipanga vyumba viwili vyao. Jumapili moja Nkole alikuwa akifua, Kaputo akafika na kifurushi cha nguo zenye saruji.

"Shemeji shangazi, nimekuletea kazi!"

"Ziweke pale. Naona leo hucheki sana."

Kaputo aliketi juu ya ndoo. "Hoteli tunayojenga inaisha mwezi huu. Nataka kwenda kwa yule dada wako wa ofisi ya ajira. Niandike nini mimi? Kazi zote nafanya."

"Ile ngazi ya mzunguko pale hotelini, aliijenga nani?"

"Mimi! Kila mtu anajua."

"Fomu haijui," alisema Nkole. "Iandike."

Akainama tena kwenye beseni. Jua lilikuwa utosini na majirani walikuwa wanapita. Nkole aliikung'uta sare ya Mapalo, akaianika kwenye kamba ya mbele ya nyumba.