Kaburi la Andrea

Kila asubuhi Felista aliteremka kutoka mlimani hadi sokoni Bigwa na tenga la karoti kichwani. Njiani alipita korongo ambako maporomoko ya udongo yalimfukia kaka yake, Andrea. Miaka ilipita, kaburi hakuna. Uchungu ule haukuzoeleka.

Masika haya mvua ilifukua mifupa korongoni. Felista alijua ni kaka yake. Lakini hata Mwajuma, jirani wa bondeni, alimpoteza kaka yake palepale. Polisi wakasema, "Hatutoi mifupa mpaka ipimwe."

"Mimi ndiye damu yake, shangazi," alisema Wilfred, mtoto wa Andrea. Felista akakubali. Siku hizi kila mtu anasema damu ni ya baba.

Mjini walipokewa na Yasmin, mtaalamu wa vinasaba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mpime huyu, ni mtoto wa marehemu Andrea."

Yasmin akatikisa kichwa. "Mifupa imelowa muda mrefu. Vinasaba vingi vimeharibika. Vilivyobaki ni vya mitokondria, vile vijisehemu vya kuzalisha nguvu ndani ya chembe, maana kila chembe ya mwili ina nakala zake nyingi. Vinasaba hivyo mtu huvirithi kwa mama tu. Wilfred ana vya mama yake, hana vya Andrea."

Wilfred akanywea. Felista akacheka mpaka akashika kiuno.

"Si ndivyo tunavyosema Waluguru? Mtoto ni wa ukoo wa mama! Tukaitwa washamba! Basi nipime mimi. Andrea na mimi ni tumbo moja."

"Hapo sawa, mama." Yasmin alimpangusa kwa pamba ndani ya shavu. "Ila ndugu wote wa upande wa mama huwa navyo. Peke yake havitoshi. Andrea aliwahi kuumia?"

"Alivunjika mkono wa kushoto. Alianguka kwenye mparachichi, mbishi yule!"

Mwajuma naye alipimwa. Majibu yakatoka. Vinasaba vya mifupa vilifanana na vya Felista, vya Mwajuma vilikuwa tofauti. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama ya kuvunjika na kuunga. Polisi wakakabidhi mifupa.

Vipimo vya Mwajuma vilihifadhiwa, ili kaka yake akipatikana atambuliwe.

Siku ya mazishi watu walisubiri Felista aangue kilio. Alisimama kando ya udongo mbichi, akapiga kigelegele mpaka padri akanyamaza. Mwajuma akawa wa kwanza kumwitikia.

"Leo kaka yangu ana kaburi!" alisema Felista. "Ana kaburi!"